Mtoto wa Kubakiza

Hasina binti Mabruki aliingia darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko dirisha. Wenzake walikuwa vitoto vya kamasi, na siku ile ile ya kwanza wakampachika jina la Shangazi. Mwalimu akitaka kufuta sehemu ya juu ya ubao hakutafuta kiti, alimwita Shangazi. Alimaliza la saba akiwa mwari wa kuposwa, na kweli aliposwa, lakini cheti chake alikitia fremu akakitundika ukutani, na hata leo mgeni akiingia nyumbani kwake Mikadini hukiona cheti kabla hajaonyeshwa pa kukaa.

Aliyemchelewesha ni mama yake, Bi Swabaha. Kabla ya Hasina, Bi Swabaha alizaa wawili wa mwanzo, wa kiume na wa kike. Siku moja akapita mtu wa wilayani akiandika kaya, naye Bi Swabaha, kijana bado na mwenye furaha ya kusifiwa, akawataja wote wawili kwa majina yao, akawasimamisha mlangoni waonekane. Masika ya mwaka ule hayajaisha, surua ikaingia kitongojini. Akawazika wote wawili. Surua ile iliua watoto wa nyumba nyingi, walioandikwa na wasioandikwa, lakini mama aliyetoka makaburini mara mbili hutamweleza hayo akakusikiliza. Alipojaaliwa tena akapata Haruni, kisha Hasina. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Ninaye Haruni." Hasina akawa wa kubakiza.

Bi Swabaha hakulianzisha jambo hilo yeye. Mikadini kila mama hubakiza. Ukimuuliza ana wangapi atapunguza mmoja, kwa kawaida yule wa mwisho au yule mzuri kuliko wenzake, kwa sababu kuwataja wote ni kuwaanika wote juani, na kijicho hakikosi njia. Wa kubakiza hupendwa sana. Hulala kifuani kwa mama, hupewa kichwa cha samaki. Ila akija mtu na kalamu, yeye huwa jikoni.

Ndiyo maana Haruni alipoandikishwa shule Hasina hakuandikishwa. Asubuhi alimsindikiza kaka yake mpaka kwenye mkondo wa mikoko unaoitenga Mikadini na Utende, akasimama kumtazama anavyovuka na madaftari kichwani, kisha akarudi. Alirudi hivyo mpaka akawa na miaka kumi, ndipo baba yake, marehemu Mabruki, alipochoka kumwona binti yake anasimama majini, akamshika mkono akamvusha mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Wakati ule Mikadini ilikuwa nyumba chache zilizojificha kwenye minazi. Siku hizi alfajiri ukiwa baharini, kwenye Ghuba ya Chole, unaona moshi wa majiko umeshikana kutoka upande hadi upande. Wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi kwa msimu, wamekuja kutoka Kilwa, Rufiji na Bwejuu. Wengine msimu ukiisha hukunja nyavu wakaondoka, wengine wameoa, wamejenga, wamezaa. Vijana wanaopata kazi kwenye hoteli za Utende hawahami, wanarudi kulala kwao. Jioni watoto wakitoka kuoga pwani njia haipitiki.

Wapo watu, wengi wao wameshiba, ambao wakiona picha kama hii hutikisa vichwa na kusema, "Wanazaana." Neno hilo tunalitumia kwa panya. Kwa wenyewe Mikadini kila mmoja wa watoto hao ana jina, ana babu aliyemrithisha jina, na ana mtu atakayekesha akipata homa. Shida ya Mikadini haikuwa wingi wao. Shida ni kwamba ukienda kuutafuta wingi huo kwenye karatasi za serikali, haupo.

Na karatasi hizo ndizo zilizowaponza. Mkondo wa mikoko haujapungua tangu enzi za Hasina. Siku za maji makubwa ya asubuhi mtoto mfupi hawezi kuvuka, kwa hiyo wazazi huwangojesha watoto mpaka warefuke. Mikadini mtoto haanzi shule kwa umri, anaanza kwa kimo. Mwaka juzi kijana mmoja wa darasa la pili alitelezeshwa na maji, akaokolewa kwa kushikwa ukosi wa shati. Wazazi wakasema basi. Wakachimba mawe, wanawake wakabeba mchanga, wazee wakasuka makuti, wakasimamisha chumba kimoja cha darasa upande wao wa mkondo, ili wapewe shule shikizi, yaani shule ndogo ya madarasa ya mwanzo iliyo chini ya shule kubwa ya Utende. Jengo walikuwa nalo. Lililobaki ni mwalimu, na mwalimu huletwa palipo na watoto wa kutosha.

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Kombo, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Kila nyumba ikabakiza. Hesabu ikaenda kwa mratibu wa elimu wa kata, Mwalimu Sadick, ikarudi na jibu kwamba hawatoshi. Darasa likakaa tupu, mbuzi wakaligundua wakahamia.

Hasina sasa ana zaidi ya miaka arobaini. Ni mkulima wa mwani, mke wa Maliki fundi wa mashine za boti, na mama wa watoto wanne. Wa mwisho ni Umi, mwenye miaka sita, mfupi kama kinu. Kwa kimo kile, Umi angengoja mkondo mpaka lini? Hasina alikuwa akilijua jibu kuliko mtu yeyote Mikadini, kwa sababu alilingoja yeye mwenyewe, amesimama majini.

Habari zilipokuja kwamba Mwalimu Sadick atafika mwenyewe kuwaona watoto kwa macho yake, Hasina aliwakuta wenzake shambani baharini. Bamvua lilikuwa limetoa maji mbali, wanawake wameinama juu ya kamba wakifunga vipande vya mwani. Aliyekuwa karibu naye ni Arafa, wifi yake, dada wa Maliki.

"Wifi, Mwalimu akija utaleta wangapi?"

"Watano," akajibu Arafa bila kuinua kichwa.

"Unao sita."

"Na wewe unao ulimi. Nani kakuuliza?"

Wanawake wakacheka. Hasina akaendelea kufunga.

"Darasa wanalala mbuzi, Arafa. Mawe tumebeba kwa vichwa vyetu, leo wanaosoma ni mbuzi."

"Waache wasome," akasema mmoja wa nyuma. "Wakifaulu tutapata wataalamu wa majani."

Mize, mke wa mvuvi wa dago aliyetoka Kilwa, alikuwa ameinamia kamba yake. Sasa akajinyoosha. "Na sisi wa dago je? Mwaka jana Mwenyekiti alipita mlangoni kwangu mbio mbio kama anapita makaburini."

"Wanao wanalala wapi?" Hasina akamuuliza.

"Si hapa hapa."

"Wakiumwa?"

"Hapa."

"Basi ni wa hapa. Walete."

"Mtazameni huyo," Arafa akasema, mikono kiunoni. "Kazaa wanne akafunga duka, sasa anataka kuhesabu mali za wenzake."

"Duka nimelifunga na kaka yako, na ufunguo tunao wenyewe," Hasina akamjibu, na hapo walicheka mpaka mmoja akaangusha kamba. "Zaa, wifi. Jaza nyumba mpaka darini. Hayo yako na mumeo, mimi simo. Lakini aliyekwisha zaliwa kazaliwa. Huwezi kumrudisha tumboni kila akija mtu na kalamu."

Arafa aliacha kucheka. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Nikiwataja wote, likanipata la kunipata, utanipa wako?"

Arafa hakungoja kujibiwa, akaokota kamba yake.

"Kwanza wewe mwenyewe mama yako hajakutaja mpaka leo," akasema. "Anza kwako."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alirudi nyumbani na nguo zinachuruzika, akamkuta Bi Swabaha amekaa ukumbini anasuka ukili wa mkeka, Umi ubavuni kwake anachambua miyaa ya kusukia. Hasina hakungoja hata kubadili kanga.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Ninaye Haruni."

"Na mimi?"

Bi Swabaha akamtazama kama anayeulizwa jua linachomozea wapi. "Wewe upo. Usingekuwepo, nani angenipigia kelele saa hizi?"

"Sema basi. Sema ninaye Haruni na Hasina."

"Nenda ukaoge, umejaa chumvi."

"Mama, wanawake wote wanakutazama wewe. Ukibakiza wanabakiza. Huyu Umi atangoja mkondoni mpaka awe mrefu kama mimi, aitwe Shangazi na yeye."

Bi Swabaha aliuvuta ukili, akaukaza. "Nilikubakiza, ukaishi."

"Niliishi, mama. Sikatai. Lakini Haruni alikuwa anakwenda shule, mimi nasimama majini."

"Ulisimama," akasema mama yake. "Wenzako wawili hawakuwahi kusimama majini."

Hasina alikwenda kuoga. Alipotoka, Bi Swabaha alikuwa bado pale pale, na ukili aliokuwa ameusuka tangu mchana alikuwa ameufumua wote, anaanza upya.

Siku ya mratibu ilikuwa ya maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, wanawake hawakwenda shambani. Mwalimu Sadick alishuka kwenye bodaboda upande wa Utende, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini akavuka mkondo. Alifika Mikadini amelowa mpaka mapajani, na hilo peke yake lilimfanyia kazi Mwenyekiti Kombo kuliko hotuba aliyokuwa ameiandaa.

Mbuzi walikwisha tolewa, sakafu imefagiwa, ingawa harufu ilikataa kuondoka. Watoto walisimama nje ya darasa wakiwa wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mratibu akatembea mbele yao akiwagusa mabega mmoja mmoja. Alitaka sitini. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa hata hamsini hajafika.

"Mwenyekiti, ni wachache," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Vipo vitongoji vinavyongoja mwalimu, vina watoto wengi kuliko hawa. Nitasema nini kule?"

"Hesabu tena, Mwalimu," Hasina akasema kutoka kwa akina mama.

"Mama, watoto hawaongezeki kwa kuhesabiwa mara mbili."

Hasina akamtazama Arafa. Arafa akatazama pindo la kanga yake. Nyuma ya nyumba iliyokuwa karibu mtoto akapiga chafya, tena kwa nguvu, na kina mama wote wakageuka kutazama bahari kana kwamba chafya imetokea huko. Mratibu aliinamisha kichwa, akaanza kukunjua suruali yake kabla hajakumbuka kwamba ana mkondo wa kuvuka. Umi alikuwa katika mstari, wa mwisho, kwa ufupi wake. Hasina alimwona anamtazama yeye, anangoja kuambiwa kama tayari yeye ni mwanafunzi.

Ndipo Bi Swabaha alipotokea. Ilikuwa imepita miaka hajatoka mbali na ukumbi wake ila kwa mazishi, hivyo watu wakampisha bila kuambiwa. Alikuja na mkongojo, kanga ya kichwani imekaa upande.

"Shikamoo, bibi," akasema Mwalimu Sadick.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kuandika?"

"Ndimi."

"Andika na huyu." Akamshika Hasina kifundo cha mkono. "Hasina binti Mabruki. Nimezaa wanne. Wawili wako makaburini, Sefu na Time. Mmoja Haruni, yuko Kilindoni. Na huyu. Ndio wote. Sijabakiza."

Wapo waliokuwa hawajawahi kuyasikia majina ya wale wawili. Hasina mwenyewe aliyasikia akiwa mtoto, mara moja, kutoka kwa baba yake.

Mratibu hakuelewa. Alimtazama yule mwanamke mrefu, akajaribu kuzuia kicheko. "Bibi, huyu mtu mzima. Siwezi kumwingiza darasa la kwanza."

"Nimekwambia umwingize? Nimekwambia umwandike."

Bwana Kombo akasogea akamnong'oneza mratibu sikioni. Uso wa Mwalimu Sadick ukabadilika. Akafungua kalamu tena, akaliandika jina la Hasina pembeni ya karatasi yake, taratibu, akamgeuzia bibi ili alione, ingawa bibi hajui kusoma.

Hasina aliusikia mkono wa mama yake juu ya wake. Ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetolewa majini. Bi Swabaha alikuwa anaogopa. Hakuja pale kwa kuwa ameacha kuamini. Aliamini vile vile kama siku ya makaburi, na pamoja na imani ile akafungua mdomo akamtaja. Ushujaa wa namna hiyo haupigiwi mizinga, na nchi hii imejengwa nao zaidi kuliko inavyokiri.

"Inama," akasema Bi Swabaha.

Hasina akainama. Mama yake akamsomea Ayatul Kursi utosini, akampulizia, upande huu na upande huu, mbele ya watu wote, kama mtoto mchanga.

Arafa akageuka akaenda zake. Hasina alidhani amekasirika. Lakini alirudi, na kiunoni amembeba kijana wa miaka mitano mwenye masizi ya jikoni mashavuni, aliyekuwa anapepesa macho kwa mwangaza.

"Huyu Hafidhi," akamwambia mratibu, sauti kali kama anamgombeza. "Wa sita. Andika upesi kabla sijageuza nia." Kisha akampitishia mtoto Bi Swabaha. "Na huyu msomee, bibi. Kama ulivyomsomea mwanao."

Baada ya hapo hakuna aliyengoja kuambiwa. Watoto walitoka majikoni. Walitoka nyuma ya chanja za kuanikia mwani, wawili wakatambaa kutoka chini ya ngalawa iliyopinduliwa, mmoja akaja na uji kidevuni na kijiko bado mkononi. Mize akawaleta wake watatu kwa mpigo, akawasimamisha mbele kabisa, akamkazia macho Mwenyekiti Kombo, na Mwenyekiti akawapisha. Kila mmoja alipita kwanza kwa Bi Swabaha, akapuliziwa utosini, ndipo akaenda kwa mratibu. Mwalimu Sadick alijaza karatasi, akaigeuza upande wa pili.

"Nyie hawa mnawalima wapi?" akauliza.

"Kule kule kwenye mwani," Arafa akamjibu. "Ukija bamvua tunavuna tena."

Sitini walivukwa jua bado liko juu. Mstari ulianza mlangoni mwa darasa ukapinda ukaingia minazini, na kina mama walisimama kuutazama wakiwa wameshika mikono vifuani. Hawakuwahi kuwaona hivyo, wote kwa pamoja, mahali pamoja, mchana kweupe. Mwanamke mmoja alisema mashaallah kwa sauti ndogo, na mwingine akalia.

Juma lililofuata Bi Swabaha hakulala vizuri. Kila saa alimwekea Hasina kiganja kwenye paji la uso. Bahati mbaya Hasina alishikwa na mafua, akayaficha kama mwizi. Akipiga chafya alisema ni pilipili, mpaka Maliki akamuuliza mbona siku hizi nyumba nzima inanuka pilipili na mchuzi hauwashi. Mafua yakaisha. Arafa naye kila asubuhi alimtuma Hafidhi kuja kuangalia kama Shangazi yu hai, na Hasina alimrudisha na salamu kwamba yu hai na anadai kamba zake alizomwazima Arafa.

Mwalimu aliletwa shule zilipofunguliwa Januari. Ni binti kijana aitwaye Sabra, aliyevuka mkondo siku ya kwanza na begi kichwani na hakulalamika. Mbuzi walijaribu kurudi, wakafukuzwa na wanafunzi. Wadogo wanakaa mikekani, na mikeka ile imesukwa na Bi Swabaha, ule ukili aliokuwa akiufuma na kuufumua. Kitongoji sasa kinadai chumba cha pili, na safari hii hakiombi kwa kunong'ona. Mikadini ina watoto, wameonekana, wana majina. Anayetaka kubisha avue viatu avuke aje kuhesabu.

Hasina akienda shambani hupita darasani. Asubuhi moja alimkuta mama yake amekaa nje, chini ya dirisha, mkongojo mapajani. Ndani Mwalimu Sabra alikuwa anaita majina. Kila mtoto akijibu, midomo ya Bi Swabaha ilicheza kidogo. Mtoto wa Mize, yupo. Hafidhi, yupo. Hasina akasimama na kapu lake, asitake kumshtua.

"Umi Maliki," mwalimu akaita.

"Yupo," akajibu Bi Swabaha kutoka nje, kabla mtoto mwenyewe hajafungua mdomo.